Ukiachia Mafuta

Saa tatu asubuhi, gatini Tučepi,
Jere anatupanga mbele ya pikipiki za maji
kama mwalimu wa chekechea siku ya kwanza.
Tuko sita: Wacheki wawili waliooana juzi,
vijana watatu wa Poznań wanaonuka losheni ya nazi,
na mimi, Ljerka, mtunza hesabu wa kinu cha unga,
miaka hamsini na minane,
goti moja lisilosikia la mtu.

Dada yangu Božica kabaki ufukweni,
gazeti kajifunika usoni.
"Ukifa," kaniambia, "usinisumbue kabla ya saa sita."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Mimi nilivua, nikavalishwa nyingine:
jaketi la rangi ya chungwa, limenibana
hata pumzi inapita kwa kuomba ruhusa.
Kisha kamba nyekundu kwenye kifundo cha mkono.
"Ukianguka," Jere anasema, "kamba inachomoka,
injini inazimika, inakusubiri.
Haiendi popote bila wewe."

Nikaitazama ile kamba.
Miaka ishirini na sita niliishi na mwanamume
aliyekwenda kila mahali bila mimi.

"La pili. Sikilizeni, nyie wa nazi!
Hiki chombo hakina breki.
Usukani peke yake ni pambo.
Kinageuzwa na maji kinayoyatema nyuma.
Ukiuona mwamba, ukaogopa, ukaachia mafuta,
utaufuata mwamba huohuo, mbiombio,
mikono umeipinda hivi, macho umeyatoa hivi.
Mkiogopa, vuteni. Kidogo. Halafu pindeni."

Nikaliandika kichwani, safu ya madeni.

Tukatoka taratibu, bata sita, mimi wa mkia.
Mlima Biokovo ukaanza kurudi nyuma,
mweupe, mkavu, kama mtu aliyesusa karamu.
Mbele kisiwa cha Brač, na baina yetu
maji ya buluu ambayo huku kwetu bara,
kwenye mahindi na matope ya Đakovo,
tunayaona kwenye kalenda ya benki.

Jere akapunga mkono: haya!

Wakaruka. Mimi nikaenda kwa mwendo
wa trekta ya mjomba Đuro.
Wimbi likanizaba kofi, la pili likanizaba jingine,
chumvi puani, chumvi kwenye jino bovu.
Nikavuta kidogo. Nikavuta tena.
Kitu kikacheka; nikageuka kumtafuta nani,
kumbe ni mimi.

Ndipo nikaliona boya.
La njano, nene, limekaa palepale lilipowekwa,
halina haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nalo.
Kidole kikaachia chenyewe,
kama kilivyoachia mara ngapi:
kazi ya Zagreb, barua ya Tomo,
ile nyumba yenye mti wa mlozi.
Kimya. Usukani kulia, chombo moja kwa moja.
Boya likawa kubwa kama mwezi wa mavuno.

Vuta, Ljerka. Vuta, mwanamke wee!

Nikavuta.
Nyuma maji yakafumka, pua ikapinda,
boya likanipaka majani ya bahari kiwikoni
likabaki likitikisa kichwa.

Ningependa kusema hapo nilishinda.
Dakika tano baadaye, maji shwari, hakuna chochote,
niligeuka tu kuuangalia mlima,
goti likakataa, nikaporomoka kama gunia.

Chini: buluu, baridi, mapovu.
Juu: jua, na jaketi limenifika masikioni.
Na pale, hatua nne kutoka nilipo,
chombo kimezima, kinasukwasukwa polepole,
kiti kitupu, kinachuruzika maji.

Jere akaja mbio, akakata mzunguko.
"Mama, uko salama? Panda kwa nyuma, nikushike."

"Ngoja kwanza," nikamwambia.
"Nataka nione
kitasubiri mpaka lini."